SURA HII NI YA NANI?

KIJANA, SIMAMA KIDOGO!

Rafiki, karatasi hii imekufikia. Labda umepewa stendi ya Newala, labda uwanjani hapa Chilangala, labda umeikuta imefungiwa karanga. Usiitupe bado. Haikuulizi unasali wapi, wala kama unasali. Inakuuliza swali moja tu, na swali lenyewe linahusu simu iliyoko mfukoni mwako.

Hebu chukulia hivi. Ni msimu wa korosho, mikono ya watu ina fedha kidogo. Binti wa Chilangala ameshona gauni jipya. Amekwenda Newala, amesimama pale Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma liko chini yake na Msumbiji inaonekana kwa mbali. Rafiki yake anampiga picha. Picha inatoka bomba! Anaiweka mtandaoni, watu wanaiona, anafurahi. Si vibaya kufurahi.

Baada ya siku tatu picha inamrudia, imetumwa na mtu asiyemjua. Uso ni wake. Macho ni yake. Lakini gauni halipo. Kiunoni umeanza mkia wa nyoka, magamba yanang'aa. Nywele zimekuwa moto. Bonde limegeuka bahari nyeusi. Kazi imefanywa kwa ufundi hasa, huoni pa kuunga. Chini yake wameandika: "Malkia wa majini." Wengine wamecheka, wengine wamemsifu fundi. Ila bibi yake, aliyeonyeshwa picha ile na jirani, hakucheka. Na jirani naye anauliza kwa sauti ya chini: "Hivi huyu mtoto ana nini?"

Wewe unapajua huku kwetu. Swali la namna hiyo likishaanza kutembea nyumba kwa nyumba, halirudi kirahisi.

Sasa niambie: je, binti huyu amekosewa? Na kama amekosewa, kosa liko wapi hasa? Kijana aliyeitengeneza atakuambia, "Ni sanaa tu, bwana. Mbona mnakuza mambo?" Je, ana haki?

USIKIMBILIE KULAANI

Wapo watakaojibu haraka: picha iliyobadilishwa ni uongo, uongo ni dhambi, mambo yamekwisha. Ndugu, jibu hilo ni jepesi mno. Bibi yako alipokusimulia habari za Sungura aliyemtapeli Fisi, je, alikuwa mwongo? Hata kidogo! Ulijua ni hadithi, naye alijua kwamba unajua.

Watazame wachongaji wetu. Miaka ya 1950, Mmakonde aliyetoka Msumbiji, Samaki Likankoa, alianza kuchonga vile vinyago vinavyoitwa mashetani: viumbe wenye jicho moja, masikio yaliyopinda, tumbo lililotoboka. Baadaye George Lilanga, mtu wa kusini hukuhuku, aliyezaliwa 1934 na kufariki 2005, akawachora viumbe wa aina hiyo kwa rangi kali, na kazi zake zikatundikwa Ulaya, Marekani na Japani. Nani amewahi kutapeliwa na kinyago kile? Mti unakiri wazi kwamba ni mti.

Mungu aliyekupa macho mawili ya kuona vilivyopo, alikupa na jicho la ndani la kuona visivyokuwapo. Kipaji hicho usikionee haya. Kwa hiyo, kijana fundi wa picha, sikuambii uvunje kompyuta yako. Nakuambia utafute kosa mahali lilipo, usilitafute pale lisipokuwapo. Mabawa si kosa. Mkia si kosa.

JAMBO HILI NI LA ZAMANI

Usidhani kuchezea picha kumeletwa na simu. Kule Lamu, pwani ya Kenya, alikuwapo mpiga picha Omar Said Bakor, aliyefariki 1993. Hakutumia kompyuta. Alitumia mkasi, gundi na chumba cha giza cha kusafishia picha. Alikata, akaunganisha, akapiga upya, mpaka mteja akajiona mahali ambapo miguu yake haijawahi kukanyaga. Na miaka ya 1990, kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga picha walisimamisha vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa. Kibarua aliyeshuka kwenye feri alisimama mbele ya dunia ya rangi, akapigwa picha, akaipeleka kwao.

Lakini tazama jambo moja. Pazia alilichagua mteja mwenyewe. Alilipa fedha yake, akanyoosha shati, akatabasamu. Ndoto ilikuwa ya kwake.

Leo mkasi umeingia ndani ya mashine. Programu ya Photoshop ilianza kuuzwa 1990, kazi ya ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll. Fundi anachukua picha ya mwanamitindo, anamkata pembezoni, unywele kwa unywele, anamwondoa pale alipokuwa. Kisha anapanga matabaka, kama mtu anayelaza vioo kimoja juu ya kingine: tabaka la mawingu, tabaka la msitu, mabawa yaliyotolewa kwa ndege, juu yake ukungu. Mwisho anatia mwanga na kivuli. Hapo ndipo fundi wa kweli anapojulikana, kwa sababu jua likitokea kulia na kivuli nacho kikaangukia kulia, jicho lako litakataa hata kama huwezi kusema kwa nini. Ni kazi ya saa nyingi, pengine ya siku nyingi. Na sasa zimekuja programu za akili mnemba. Unaandika maneno machache, unapachika picha ya mtu, na kabla chai haijapoa ameshaota mabawa.

Kazi hii inaweza kumpandisha mtu. Yupo Mkenya Osborne Macharia, aliyesomea usanifu wa majengo kabla ya kushika kamera. Aliwapiga picha akina bibi wa Kenya wamevaa mavazi ya fahari, akawatungia hadithi kwamba zamani walikuwa wakubwa serikalini na kwenye makampuni, na sasa wamestaafu, wanatembea dunia wakila raha. Hadithi hiyo si ya kweli, naye anasema wazi kuwa ni ya kubuni. Mwaka 2018 alitengeneza picha kwa ajili ya filamu ya Black Panther. Mabibi wale walikaa mbele ya kamera kwa miguu yao wenyewe. Mwanamke mzee ambaye watu humpita njiani bila kumtazama, alitoka mle ndani akiwa malkia.

Basi wapo waliogeuzwa picha wakapanda, na yupo binti wa Shimo la Mungu aliyegeuzwa picha akashuka. Tofauti ni nini?

MPINGO HAUNA MAMA

Tofauti ni hii. Mchongaji akienda porini anatafuta mpingo. Anaukata, anaubeba, anauchonga. Mpingo hauna mama. Hauna shule ya kurudi Jumatatu. Hauna mchumba atakayeuliza maswali. Ukiuchonga jicho tumboni hautaona haya.

Lakini fundi wa picha gogo lake ni MTU. Uso anaoukata una jina. Una bibi anayeulea. Una kesho yake. Ukiutia mkia, mkia huo hauishii kwenye kioo cha simu. Unatembea naye sokoni, unakaa naye darasani, unamsubiri kwenye posa.

Na lipo jambo la pili. Wazee wetu wana ngoma ya mapiko. Mchezaji anavaa kichwa cha mti, anaingia uwanjani, na pale si mtoto wa fulani tena. Anatisha, anachekesha, anadhihaki. Lakini ngoma ikiisha kinyago kinavuliwa, kinahifadhiwa, na mtu anakwenda kula ugali wake. Picha haivuliwi! Ukimvika mtu kinyago cha kompyuta na kukituma, wewe mwenyewe huwezi tena kumvua. Kimeshaingia kwenye simu mia, na kila simu ina mkono wake.

ALIKUBALI MARA MOJA TU

Unadhani nasema haya kwa sababu ni mambo ya kijijini? Sikiliza yaliyotokea kwa wakubwa.

Yule John Knoll alikuwa na picha ya mchumba wake, Jennifer, aliyokuwa amempiga ufukweni katika kisiwa cha Bora Bora, amekaa, mgongo umeelekea kamera. Picha hiyo ndiyo aliyoitumia kuwaonyesha watu uwezo wa programu yao. Anamzidisha Jennifer wanakuwa wawili, anakizidisha kisiwa kinakuwa viwili. Kwa hiyo tangu siku za kwanza kabisa za programu ile, kilichowekwa mezani kukatwa na kuungwa kilikuwa mwili wa mwanamke. Huyu angalau alikuwa na mtu wake.

Sasa msikie wa pili. Mwanamitindo wa Uswidi, Lena Forsén, alipigwa picha iliyochapwa 1972 katika gazeti la Kimarekani la picha za uchi. Mwaka 1973 wataalamu wa chuo kikuu kimoja huko California walitafuta picha ya kupimia mitambo yao. Wakachukua ukurasa ule, wakabakiza uso na bega, wakauingiza kwenye kompyuta. Hawakumwuliza. Wengine wakaichukua kwao, na wengine kwa hao. Kwa karibu miaka 50 uso wake ulipunguzwa, ukatiwa ukungu, ukasafishwa, ukachapwa vitabuni, kana kwamba ni rula ya fundi seremala. Mwaka 2019, katika filamu, yeye mwenyewe alieleza kwamba uanamitindo aliuacha zamani, na sasa ni wakati wa kuachwa na kompyuta pia. Jumuiya ya Kompyuta ya IEEE, chama kikubwa cha wataalamu wa fani hiyo, ikaacha kupokea makala zenye picha hiyo kuanzia 1 Aprili 2024.

Umeona, rafiki? Alikubali mara moja, mbele ya kamera moja. Hakukubali miaka 50. Ridhaa ya jana siyo ridhaa ya leo, na ndiyo ya jambo moja siyo ndiyo ya kila jambo.

Mafundi waungwana wanalijua hilo. Wapo wanamitindo wanaopiga picha makusudi kwa ajili ya mafundi, wakaziweka mtandaoni pamoja na masharti yao: taja jina langu, usiuze, usinivue nguo, nionyeshe ukimaliza. Na kwenye studio zenye utaratibu mwanamitindo husaini karatasi ya makubaliano kabla picha yake haijatumika. Heshima haiui sanaa. Uchoyo wa kutokuuliza ndio unaoichafua.

VISINGIZIO VITATU

Najua moyo wako umeshaanza kujitetea. Tuvitazame visingizio, kimoja kimoja.

Cha kwanza: "Si ameiweka mwenyewe hadharani?" Kweli, ameiweka. Lakini aliyeanika kanga uani hajaigawa. Ukipita ukaiona, umeona. Ukiichukua ukaikata ukashona mapazia yako, wewe ni mwizi, hata kama mapazia yamependeza.

Cha pili: "Mimi nampendezesha." Hiki ndicho kitamu, na ndicho kinachodanganya wengi. Unamchukua binti mweusi wa Uwanda wa Makonde, unamgeuza malaika, na malaika wako ametoka mweupe! Pua umeichonga, kiuno umekibana. Umemsifu au umemsahihisha? Kabla hujampa mabawa umemnyang'anya ngozi. Na wadogo zake watakaoona picha ile watajifunza kwamba ili uingie katika ndoto nzuri lazima kwanza uache kuwa wewe.

Cha tatu: "Kila mtu anafanya." Wengi wakielekea shimoni, shimo haligeuki kuwa uwanja.

Tena usijidanganye kwamba jambo hili halina mwenyewe kisheria. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Ufaransa, tangu 1 Oktoba 2017, tangazo la biashara likionyesha mwanamitindo aliyepunguzwa au kuongezwa umbo kwa kompyuta lazima liandikwe kuwa picha imerekebishwa, na faini yake inafika euro 37,500. Lakini mimi sikuiti kwa kuogopa askari. Askari hayupo chumbani mwako saa sita za usiku, wewe na simu tu. Dhamiri yako ipo.

KINYAGO KINACHOMTISHA MCHONGAJI

Na wewe dada, usicheke ukidhani nawasema wavulana tu. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Walikuwa hawajaiona simu! Leo binti anaipitisha picha yake kwenye programu, anajilainisha, anajipunguza, anajitia macho ya paa. Kisha anajitazama kwenye kioo cha ukutani, anaona haya. Hataki kutoka. Anaogopa kukutana na mtu aliyeona ile nyingine. Amechonga kinyago kwa mikono yake mwenyewe, na kinamtisha!

Ukijigeuza malkia wa mwezini kwa kucheza, cheza. Kila mtu ataona ni mwezi. Hatari si picha iliyo mbali sana na wewe. Hatari ni ile iliyo karibu sana, yenye uongo mdogo mdogo ambao hata wewe umeanza kuusadiki.

MASWALI MATATU YA KUBEBA

Kijana, sikuachi mikono mitupu. Kabla hujagusa sura ya mtu, simama ujiulize haya matatu.

1. Je, mwenye sura amekubali, na amekubali jambo HILI? Kama hujui, hajakubali. Nenda kamwulize. Neno "Dada, naomba" halijawahi kumvunja mtu mdomo.

2. Je, mtazamaji atajua kwamba ni kazi ya kubuni? Mbele ya mtu wa mjini aliyezoea picha hizi, mabawa ni mabawa. Mbele ya bibi aliyeshika simu ya mjukuu kwa mara ya kwanza, mkia wa nyoka ni habari. Andika wazi kwamba umeitengeneza. Usimfanye mtu ashuhudie uongo bila kujua.

3. Je, unaweza kumpa mama yake mzazi picha ile mkononi, ukasimama pale akiitazama? Swali hili peke yake lingefuta nusu ya picha zilizoko kwenye simu zetu.

Ukijibu ndiyo mara tatu, tengeneza! Tengeneza kwa bidii, tafuta mwanga unaoingiana na kivuli, uwape watu wa kusini hadithi ambazo hawajaziona. Mpe bibi yako kiti cha enzi juu ya Shimo la Mungu. Mpe mbanguaji wa korosho taji. Ukijibu hapana hata mara moja, weka chini.

AMUA LEO

Zamani mwalimu mmoja aliletewa sarafu na watu waliotaka kumtega. Akawauliza sura iliyochapwa pale ni ya nani. Wakasema ni ya mfalme. Basi, akawaambia, cha mfalme apewe mfalme mwenyewe. Watu wakashangaa.

Nami nakuuliza wewe. Shika simu yako, fungua picha ile uliyoitengeneza. Sura hii ni ya nani? Wewe hukuichonga. Hata yeye mwenyewe hakuichonga, alizaliwa nayo, na ina chapa ya Aliyempa. Basi iweje uitumie kama gogo ulilookota njiani?

Usiku huu, kabla hujalala, pitia picha zako. Ukiikuta ambayo mwenyewe hajui, una njia mbili tu: kumwuliza, au kuifuta. Na kama ulishaituma, kazi ni ngumu zaidi, sikufichi. Waombe uliowatumia waifute. Kisha nenda mpaka nyumbani kwao, mchana, watu wakiona, useme mbele ya bibi yake: "Bibi, picha ile niliitengeneza mimi. Mtoto wako hana neno lolote. Naomba samahani."

Utaona haya? Ndiyo, utaona. Lakini haya hiyo ni ya kwako, na binti yule ameibeba kwa niaba yako siku zote hizi. Kampokee mzigo wako.

Na wewe binti, kama karatasi hii imekukuta wewe uliyefanyiwa, sikia neno moja. Mkia ule si wako. Hukuwahi kuwa nao. Inua uso wako utembee.

Ukimaliza kusoma, usiitupe. Mpe mwenzako.